Prado iliyotumika: Bei ya kununua ni mwanzo tu wa gharama

KILA mwaka Disemba inapobisha hodi, familia nyingi mijini hujikuta zikipiga hesabu ileile. Watoto wameongezeka na kurefuka, nyanya anataka kurudishwa mashambani, mizigo ni tele, na njia ya kutoka kwenye lami hadi bomani ni matope matupu. Gari dogo lililowatosha wawili walipooana halitoshi tena. Hapo ndipo mzee wa nyumba, usiku wengine wakiwa wamelala, huanza kuperuzi bei za magari makubwa yaliyotumika, na aghalabu jicho lake hutua kwenye Toyota Land Cruiser Prado.

Si ajabu. Nchini Kenya Prado ni zaidi ya gari. Ndiyo iliyobeba mabwana wakubwa serikalini, wafanyakazi wa mashirika ya misaada na wanasiasa wakati wa kampeni. Mwaka wa 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, mawaziri walitakiwa kurejesha magari yao makubwa na kupewa Volkswagen Passat zenye injini ya 1,800cc ili kupunguza gharama. Baadhi yao walinung'unika hadharani. Iwapo waziri anayelipiwa mafuta na umma aliona uchungu kushuka kutoka kwenye gari la aina hiyo, sembuse mwananchi anayeota siku ya kulipanda?

Lakini kuna jambo moja ambalo madalali hawalitaji, nalo ndilo linalowatia wengi mashakani. Gari likizeeka, bei yake hushuka; bei ya vipuri vyake haishuki. Prado ya miaka 12 inaweza kuuzwa kwa theluthi ya bei yake ilipokuwa mpya, ila breki, shokomzoba, nozo na matairi yake yataendelea kuwa ya gari la mamilioni. Anayetumia akiba yote ya Sacco kununua gari hili, akabakiwa na pesa za mafuta pekee, amenunua nusu tu. Nusu iliyosalia atalipishwa na fundi.

Jina Prado lilianza kutumika mwaka wa 1990. Kizazi ambacho mafundi hukiita J120 kilitoka mwaka wa 2002, na kile cha J150 mwaka wa 2009, kikatawala hadi J250 ilipozinduliwa 2023. Kwa mnunuzi wa kawaida leo, chaguo halisi ni J150, na hiyo ndiyo tutakayoijadili hapa.

Ushuru unavyokokotolewa

Anayetaka kuagiza gari mwenyewe kutoka Japani sharti ajue sheria ya miaka minane. Gari lililopita umri huo tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia nchini, na hukaguliwa kwa niaba ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) kabla ya kupakiwa melini. Mwaka wa 2025, kwa mfano, yaliyoruhusiwa ni yale yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Kwa hivyo anayeitaka J150 ya miaka ya awali hana budi kuitafuta humu humu nchini.

Ushuru nao haukokotolewi kwa risiti ya muuzaji wa Japani. Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, kisha hupunguza thamani kulingana na umri wa gari. Kutokana na thamani hiyo, kwa viwango vilivyokuwa vikitumika mwaka wa 2025, unatozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35. Ukishaujumlisha, unatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, au asilimia 35 iwapo injini ni ya dizeli inayozidi 2,500cc au ya petroli inayozidi 3,000cc. Juu ya jumla hiyo mpya unatozwa VAT ya asilimia 16. Kisha kuna ada ya kutangaza bidhaa ya asilimia 2.5 na ada ya ujenzi wa reli ya asilimia 2.

Tazama jinsi kodi inavyopandiana juu ya kodi. Chukulia kwamba KRA imelipa gari thamani ya Sh2 milioni. Ushuru wa forodha ni Sh700,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 hutozwa kwa Sh2.7 milioni, si kwa Sh2 milioni, hivyo ni Sh675,000. VAT itakuwa Sh540,000 na zile ada mbili Sh90,000. Jumla ni Sh2,005,000, yaani umelinunua gari mara mbili. Iwapo gari la thamani iyo hiyo ni la dizeli ya 2,800cc, kodi itafika Sh2,318,200. Tofauti ya Sh313,200 imetokana na ukubwa wa injini na aina ya mafuta tu.

Hesabu hii ndiyo sababu yadi za Mombasa na Nairobi zimejaa Prado za petroli za 2,700cc. Muuzaji atakuambia ameleta petroli kwa kuwa haina matatizo. Yumkini ni kweli, lakini kwanza ameileta kwa kuwa haikumkausha mfuko bandarini.

Injini ipi?

Huhitaji kuwa fundi ili kujua gari lina injini gani. Soma mwanzo wa nambari ya chesisi. TRJ150 ni petroli ya 2,700cc yenye silinda nne. GRJ150 ni petroli ya 4,000cc yenye silinda sita. KDJ150 ni dizeli ya 3,000cc, na GDJ150 ni dizeli ya 2,800cc iliyoanza kutiwa katika Prado mwaka wa 2015.

Hapa pana siri ndogo inayoweza kukuokoa. Toyota iliacha kuuza Prado za dizeli nchini Japani mwaka wa 2007 na haikuzirejesha hadi 2015. Hivyo basi, ukiambiwa kwamba J150 ya dizeli ya mwaka wa 2012 imetoka Japani, muuzaji hajui anachokiuza au anajua vizuri mno. Dizeli za miaka hiyo ama ziliuzwa hapa nchini zikiwa mpya, ama zilitoka kwingine kama Uingereza. Zilizouzwa hapa zikiwa mpya, nyingi zilikuwa za kazi: zilikimbia Lodwar na Garissa, zikavuka lugga na kubeba mapipa ya maji. Hilo si kosa. Mashirika mengi huhifadhi rekodi za matengenezo, na gari lililofanya kazi ngumu likitunzwa ni bora kuliko lile lililokaa Kileleshwa bila kubadilishwa oili.

Dizeli ya 3,000cc ina nguvu na imezoeleka, ila ina mambo mawili ya kuuliza. Kwanza ni nozo zake. Zikichakaa, injini hugonga inapowashwa asubuhi ikiwa baridi, na kubadilisha zote nne ni gharama inayoweza kulingana na karo ya muhula. Zikiachwa zimwage mafuta ovyo, zinaweza kupasua pistoni. Pili ni mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa takriban kila baada ya kilomita 150,000. Ukikatika, injini huharibika vibaya. Muuzaji akisema umebadilishwa, akuonyeshe risiti.

Dizeli ya 2,800cc haina mkanda huo kwani hutumia cheni. Hata hivyo, zilizotoka Japani zina kichujio cha masizi katika bomba la moshi na hutumia kioevu cha AdBlue ambacho lazima kiongezwe mara kwa mara. Kichujio hiki hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yaungue gari linahitaji safari ndefu ya mwendo mzuri. Likizungushwa kila siku kutoka Buruburu hadi katikati ya jiji na kurudi, huku nusu ya muda limesimama kwenye msongamano, kichujio huziba. Jambo hili si uvumi wa mafundi wa mtaani. Nchini Australia, Mahakama ya Shirikisho iliamua mwaka wa 2022 kwamba magari ya dizeli ya Toyota ya aina za Hilux, Fortuner na Prado yaliyouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 yalikuwa na kasoro katika mfumo huo wa kuchuja.

Petroli ya 2,700cc nayo ni mnyonge wa mbio lakini mstahimilivu. Hutumia cheni, haina nozo za bei ya kutisha, na fundi yeyote mwenye akili anaweza kuihudumia. Lawama yake kuu ni kwamba inalivuta gari la tani mbili na ushei kwa silinda nne. Ukiipakia watu saba na mizigo, kisha uanze kupanda kutoka Mai Mahiu, utaukanyaga mguu hadi sakafuni na lori la mboga litakuwa bado mbele yako. Kuhusu ile ya 4,000cc, ni tamu kuiendesha. Anayeweza kumudu kuinywesha pengine hahitaji ushauri wa gazeti.

Sasa tuone mafuta. Tuseme unaendesha kilomita 1,500 kwa mwezi, petroli ni Sh180 kwa lita na dizeli Sh170. Bei kamili hutangazwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) kila tarehe 14. Prado ya petroli ikienda kilomita saba kwa lita, jambo la kawaida mjini, itakula lita 214, yaani takriban Sh38,500. Ya dizeli ikienda kilomita 10 kwa lita itakula lita 150, yaani Sh25,500. Unaokoa Sh13,000 kwa mwezi, na ile tofauti ya kodi ya Sh313,200 itarudi baada ya miaka miwili. Lakini ikiwa unaendesha kilomita 500 tu kwa mwezi, itachukua miaka sita kurudi, na katika miaka sita hiyo nozo au kichujio vitakuwa vimekwisha kukuletea bili. Kwa hivyo mkazi wa Nairobi ambaye gari lake huenda shuleni, kanisani au msikitini na dukani, akisafiri mbali mara tatu kwa mwaka, petroli ndiyo yake. Wa Isiolo au Voi mwenye safari ndefu kila wiki achukue dizeli bila kusita.

Kulikagua gari

Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi wa makala haya aliandamana na jamaa yake hadi yadi moja jijini kuangalia Prado nyeupe iliyong'aa kama sahani ya harusi. Mita ya umbali ilisoma kilomita 71,000. Kila kitu kilikuwa safi, hata vizibo vya matairi. Wakati jamaa alipokuwa akijadiliana bei, nilifungua boneti kupunga hewa tu, nikaona kijikaratasi kilichobandikwa karibu na betri. Kilikuwa na maandishi ya Kijapani na tarakimu: mwaka wa 30, kilomita 138,000. Muuzaji alipoonyeshwa, alisema kijikaratasi hicho kilikuwa cha gari jingine.

Wajapani hubandika vijikaratasi vya namna hiyo, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti, kila wanapobadilisha oili. Mwaka huandikwa kwa kalenda ya enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei iliisha Aprili 2019, na ili kupata mwaka wetu unajumlisha 1988. Kwa hivyo Heisei 30 ni 2018. Enzi ya Reiwa ilianza Mei 2019, nayo unaijumlishia 2018. Wanaorudisha mita nyuma huvibandua vijikaratasi hivi, lakini wakati mwingine husahau kimoja.

Hata visipokuwapo, gari lenyewe lina ulimi. Angalia mpira wa kanyagio la breki: ukiwa umelika upande mmoja hadi chuma kinachungulia, hizo si kilomita 60,000. Tazama usukani ulivyolainika mahali mikono inaposhika, na ukingo wa kiti cha dereva. Soma tarakimu nne za mwisho ndani ya kile kiduara kwenye ubavu wa tairi. 2219, kwa mfano, ni wiki ya 22 ya mwaka wa 2019. Gari linalodaiwa kuwa la kilomita 40,000 likiwa na matairi yaliyoundwa miaka mingi baada ya gari lenyewe, uliza ya kwanza yalikwenda wapi. Iwapo liliuzwa katika mnada wa Japani, dai karatasi ya mnada. Humo huandikwa kilomita, alama ya hali ya gari, na herufi R iwapo liliwahi kugongwa na kukarabatiwa. Muuzaji mwaminifu ambaye hana nakala hukubali kuitafuta.

Kisha lala chini. Naam, vua koti, tandika gazeti, uingie chini ya gari. Prado imeundwa juu ya chesisi ya chuma kama lori, na chesisi hiyo ndiyo uti wa mgongo wake. Magari yaliyotumika katika mikoa ya theluji ya Japani, hususan Hokkaido, au Uingereza, hupita katika barabara zilizonyunyiziwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo huitafuna chesisi kimyakimya. Kutu nyekundu ya juujuu si kilio. Kutu inayomeguka kwa bisibisi ni sababu ya kuamka, kujipangusa vumbi na kuaga. Jihadhari pia na chesisi iliyopakwa rangi nyeusi mbichi. Hakuna anayepaka wanja jicho lisilo na dosari bila sababu.

Ukiwa huko chini, angalia kama oili inavuja kwenye giaboksi na difu, na kama mipira inayofunika viungo vya magurudumu ya mbele imechanika. Baadhi ya matoleo ya bei ya juu, hasa TZ-G, yana mifuko ya hewa nyuma badala ya springi za kawaida, pamoja na mfumo wa mafuta unaolizuia gari kulala kwenye kona. Vikiwa vizima, abiria hulala usingizi. Vikiharibika, wamiliki wengi huvitoa na kurudi kwenye springi za kawaida kwa kuwa bei ya vipya inavunja moyo. Ukikuta TZ-G imeinamia nyuma asubuhi baada ya kulala yadini, tayari umejua.

Omba uliwashe gari mwenyewe likiwa baridi kabisa. Ukifika ukute injini ina moto, rudi siku nyingine. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, mwenye mashine ya kusoma hitilafu katika kompyuta ya gari. Jaribu gia ndogo ya kutambalia matopeni, ile ambayo wamiliki wa mjini hawaigusi hadi ikagandamana. Elfu chache utakazomlipa fundi, au utakazolipa kwa ukaguzi wa chama cha wenye magari cha AA, si kitu kando ya mamilioni unayotaka kuyatoa.

Stakabadhi

Chesisi nzima haitakusaidia ikiwa logibuku ina doa. Kupitia eCitizen, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi Barabarani (NTSA) hukuruhusu, kwa ada ndogo, kuona gari limesajiliwa kwa jina la nani, nambari za chesisi na injini, na iwapo benki au Sacco ina haki juu yake. Linganisha nambari hizo na zilizochongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Tangu sheria ya mwaka wa 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, pana pia sajili ya mikopo iliyotolewa kwa dhamana ya mali kama magari, na ni busara kuitazama. Wapo waliolipa, wakaendesha miezi minne, kisha wakaamkia mnyororo wa dalali wa mnada langoni kwa deni wasilolijua.

La pili halitajwi sana, nalo linaihusu Prado kuliko magari mengine. Baadhi ya Prado ziliingia nchini bila kutozwa ushuru kwa kuwa mwenyewe alikuwa balozi, shirika lenye msamaha, au Mkenya anayerejea kutoka ng'ambo. Msamaha huo ni wa mtu, haumfuati mnunuzi. Gari kama hilo likiuzwa kabla ya kodi kulipwa, KRA ina uwezo wa kulizuilia. Bei ikiwa chini mno ya soko na muuzaji ana haraka, dai hati za forodha kabla ya kuuliza lingine lolote.

Usihadaike pia na herufi za nambari ya usajili. Huonyesha gari liliposajiliwa Kenya, si lilipoundwa. Fedha zipite benki, mkataba uandikwe, na malipo ya mwisho yatoke muuzaji akiwa amekwisha kuanzisha uhamisho wa umiliki kwenye mtandao.

Maisha baada ya kununua

Waliowahi kumiliki Prado husema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba hawataki gari jingine, na kwamba linawamaliza. Tangi lake ni la lita 87, na kulijaza kwa bei tuliyoitaja ni zaidi ya Sh15,000. Tairi la kawaida la J150 ni 265/65R17, na kununua manne ya kampuni inayoaminika kwa siku moja ni pigo la aina yake. Bima kamili hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuseme ni asilimia nne, gari la Sh3 milioni litakudai Sh120,000 kila mwaka, hata kama limeegeshwa tu. Mwaka wa 2024 serikali ilitaka kuongeza juu ya hayo kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Pendekezo hilo liliachwa kabla Mswada wa Fedha wenyewe haujatupwa Juni mwaka huo kufuatia maandamano.

Barabara zetu ndizo mla nyama mkuu. Bushi, viungo vya usukani na shokomzoba hulika mapema kwenye changarawe. Uzuri wa Prado ni kwamba vipuri vyake hupatikana kote, kuanzia maduka rasmi hadi barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan. Ubaya ni kwamba vya bandia pia vimejaa huko, katika maboksi yanayofanana na ya kampuni. Kwa breki na viungo vya usukani, usijaribu bahati. Anayemiliki gari hili atenge kila mwezi kiasi fulani kwa matengenezo, awe ana hitilafu au hana. Sh15,000 si nyingi. Miezi ambayo haitumiki itaulipa ule mmoja utakaokuja na bili ya Sh120,000.

Na viti vile saba? Safu ya tatu katika J150 ni ya watoto, au ya shemeji mvumilivu kwa mwendo wa nusu saa. Ikiinuliwa, sehemu ya mizigo hubaki nyembamba, na hapo ndipo watu hupandisha magunia kwenye paa. Prado ni gari refu lenye uzito ulio juu. Gunia tatu za viazi juu ya paa huliongezea urefu huo, na kona ambayo ulizoea kuikata kwa kilomita 90 kwa saa inaweza kukupindua. Mlango wa nyuma nao hufunguka kwa ubavu kama wa nyumba. Mtu akiegesha nyuma yako sokoni, hutoi hata mfuko wa sukuma wiki, ila kwa kufungua kioo chake peke yake. Kabla ya kulipa, chukua familia nzima hadi yadini, waketi wote, mzunguke mtaa. Nyanya naye ajaribu kupanda, kwa sababu sakafu iko juu na magoti yake si ya jana.

Familia ya watu saba inayoishi kwenye lami na kwenda mashambani kwa barabara nzuri ingehudumiwa vyema na Toyota Noah ya 2,000cc, kwa nafasi kubwa zaidi na mafuta machache. Nimewaambia watu kadhaa hivyo. Hakuna hata mmoja aliyeninunulia wazo hilo. Kila mmoja alisema Noah ni ya kubeba kwaya.

Kwa upande mwingine, ukiitunza, Prado haikutupi. Vitu vidogo utavizoea: redio ya Kijapani inayoishia masafa ya 90 na kukunyima nusu ya stesheni za Nairobi hadi utiwe kifaa cha kugeuza masafa, na ramani isiyozungumza lugha yoyote uijuayo. Siku ya kuuza, wanunuzi hawatakosekana. Weka kila risiti ya oili, ya mkanda na ya matairi katika bahasha moja ndani ya gari, maana mnunuzi wako, iwapo naye anajua anachokifanya, atafungua boneti kutafuta kijikaratasi, kisha atavua koti na kuingia chini.